Spana Inateleza, Racheti Inaruka: Kutafuta Ugonjwa wa Vyombo kwa Fundi wa Wikendi, Mombasa

Jumamosi moja nilikuwa nimeinamia injini ya Probox yangu uani kwetu Kisauni, nahangaika na bolti ya alteneta. Spana ikateleza, kifundo cha kidole kikaenda kukutana na bamba la chuma, na maneno yaliyonitoka siwezi kuyaandika hapa. Ami wa gereji ya jirani alichungulia juu ya ukuta. "Sasa hini ni spana ama ni kijiko?" Akaomba aione. Akatoa bolti mpya mfukoni, akaitia mdomoni mwa spana na kuichezesha kushoto na kulia, tak tak tak. "Wailaumu nati bure. Huu mdomo wacheka."

Spana ilikuwa na wiki mbili tu. Imeandikwa "Chrome Vanadium", jina la feleji ngumu ya vyombo, kwa herufi kubwa, na muuzaji wa duka ambalo sitalitaja alikuwa ameniapia kwa jina la mamake.

Tangu siku hiyo nimejifunza kutokimbilia duka wala grainda kabla sijajua kilichoharibika ni nini hasa. Nati, chombo na mkono wako vyote huacha alama, na alama hizo zinasomeka. Haya hapa ni magonjwa niliyokutana nayo mwenyewe au niliyoyaona kwa ami, pamoja na visababishi vyake. Mengine yanatibika kwa shilingi chache, mengine dawa yake ni kununua upya, na machache tumejitakia wenyewe kwa kupenda kusagasaga.

Spana inateleza na kula kona za nati

Anza na nati. Kama ni kona mbili zinazokabiliana ndizo zilizolika na nyingine nne ni nzima, huo ni mdomo wazi uliopanuka. Kama kona zote sita zimelika kwa usawa, mshuku ringi (spana ya duara inayozunguka nati yote) au soketi ya kona 12, au saizi iliyozidi kidogo. Na kama kona ni nzima lakini juu ya kichwa kuna michirizi mipya, chombo hakikukaa mpaka chini: kuna rangi, tope au kutu imejaa pale. Kwangua kwa brashi ya waya, kisha rudia. Hiyo ya mwisho huchukua dakika moja, na ndiyo tunayoiruka kila mara kwa sababu jua ni kali na tunataka kumaliza.

Saizi zinataka maelezo zaidi, maana hapa Mombasa zinachanganyika. Magari mengi tunayotengeneza yameshuka Kilindini kutoka Japani, na vichwa vyake vya bolti ni 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Nati za gurudumu za Toyota ndogo ni 21. Sasa jirani anakuletea gari la Ulaya. Bolti yenye uzi wa milimita 8, ambayo Mjapani huipa kichwa cha 12, Mjerumani huipa 13. Ya milimita 10 huko Japani ina kichwa cha 14, Ulaya utakuta 16 au 17. Kisha anakuja mzee na Land Rover ya zamani yenye vipimo vya inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia bila kusita, na ile nafasi ya 0.3 inatosha kabisa kula kona ukivuta kwa nguvu. Robo tatu ya inchi ni 19.05, kwa hiyo spana ya 19 ikikaa pale huwa imebana kweli, nayo hufanya kazi. Ukifungua bolti za inchi kwa spana za milimita huku ukijiambia "inakaribia", hesabu yako inakubali kwa baadhi ya saizi tu.

Kama saizi ni sawa na bado inateleza, pima mdomo. Venia kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita kwa taya, ni nzuri ukiwa nayo, lakini dawa ya ami ni rahisi kuliko hiyo: bolti mpya za 10, 12 na 14 mfukoni, zimenunuliwa duka la spea, hazijaguswa. Nikienda Mwembe Tayari kutafuta spana naingia nazo. Natia bolti mdomoni, nachezesha. Kupwaya kidogo ni lazima, la sivyo spana haingeingia kwenye nati yenye rangi. Ila ukiona kichwa cha bolti kinazunguka dhahiri kabla ya kugusa taya, irudishe kwenye meza.

Jaribio la pili ni la tupa. Chukua tupa ndogo yenye meno makali, iguse mahali pasipoonekana, na upite kwanza kroma ya juu. Feleji iliyotiwa ugumu vizuri huifanya tupa iteleze, au ikwangue kwa shida. Chuma laini huliwa kama sabuni. Maneno yaliyochapwa ubavuni hayathibitishi kitu, kwa sababu kuchapa hakuna gharama. Na kung'aa ni kroma ya juu tu, haikuambii lolote kuhusu feleji iliyo chini. Sumaku nayo ni bure, inashika vyote viwili.

Mimi siku hizi napenda mitumba. Spana moja iliyotumika ya KTC ya Kyoto, au ya Gedore ya Ujerumani, naichagua mbele ya sanduku jipya la vipande mia. Lakini mtumba nao ukaguliwe: tazama kama shina limepindika, ishara kwamba mtu alilirefusha kwa bomba, tazama alama za nyundo, na pitisha ukucha pembeni mwa mdomo kutafuta ufa. Ringi iliyopasuka haitibiki.

Sababu ya mwisho ni mkono wako. Mdomo wazi ni wa kuzungushia nati iliyokwisha kulegea. Kuvunja nati iliyokaza, tumia ringi au soketi ya kona sita. Na ile spana ya kurekebisha, ambayo mafundi wengine huiita spana malaya kwa kuwa haichagui nati, ina taya moja lililotulia na moja linalotembea. Igeuze ili taya lililotulia ndilo libebe mzigo, na ukaze skrubu yake kila unapoiweka upya. Ilipata sura yake ya sasa huko Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1890, mikononi mwa Johan Petter Johansson, aliyeanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Bahco. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado tunaishika kinyume.

Na nati ambayo tayari imelika? Kama ni ya 13, gonga soketi ya nusu inchi yenye kona sita juu yake kwa nyundo. Ile tofauti ya 0.3 sasa inakufaa. Kabla ya hapo ilowekwe. ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu hupenya vizuri kuliko mafuta ya taa. Tikisa chupa kila mara kwa sababu vinajitenga, na usithubutu karibu na moto. Ikishindikana, mtu wa welda aichomee nati nyingine juu. Joto lenyewe husaidia kuilegeza.

Bisibisi inapanda na kutoka, msalaba wa skrubu unageuka shimo

Hapa watu hulaumu skrubu kuwa laini. Mara nyingi skrubu haina kosa. Msalaba wa Phillips, uliopata hataza Marekani mwaka 1936, una ncha iliyochongoka na kuta zilizolala, na ukizidisha nguvu bisibisi hupanda yenyewe. Skrubu za pikipiki na kabureta za Kijapani zimefuata kipimo chao, JIS, ambacho msalaba wake una kona kali zaidi kule chini. Bisibisi ya Phillips haifiki chini kwenye msalaba huo. Inasimama kwenye ncha na kuyumba. Skrubu nyingi za JIS zina kitone kidogo kimoja kichwani. Ukikiona kitone, acha bisibisi yako ya kawaida.

Ukiweza, nunua bisibisi ya JIS, na Vessel ya Japani ni mojawapo. Usipoipata, hapa ndipo kubadilisha chombo kunapolipa: chukua Phillips namba 2 nzuri na usage ncha yake kwa jiwe la kunolea, bapa kabisa, kama nusu milimita. Usitumie grainda. Saga kidogo, jaribu kwenye skrubu, saga tena. Ikikaa chini bila kutikisika, simama hapo. Namba 2 yangu niliyoisaga hivyo nimeifunga blada nyekundu kwenye mpini ili nisiichanganye na nyingine, maana kwenye skrubu za kawaida sasa imekuwa mbovu.

Skrubu ambayo tayari imeanza kuharibika, paka ncha ya bisibisi mchanga wa kusagia vali, kidogo tu kama dawa ya meno. Chembe zake hushika. Bonyeza kwa uzito wa mwili, gonga kichwa cha mpini mara moja kwa nyundo, ndipo uzungushe.

Soketi inashika nati nene lakini inaruka nati nyembamba

Ugonjwa huu ulinisumbua mwaka mzima kabla sijajua una jina. Geuza soketi utazame mdomo wake ndani. Utaona kingo zimelazwa kama faneli, ili iingie kwa urahisi. Kwenye nati ya kawaida hilo halina neno. Lakini kwenye kifuniko cha juu cha shokomzoba ya mbele ya pikipiki, ambacho mara nyingi ni alumini na kichwa chake ni chembamba, ile faneli inameza sehemu kubwa ya kichwa. Kinachoshika ni ukingo tu.

Dawa ni kusaga mdomo mpaka faneli iishe. Niliifanya hivi. Nilinunua soketi ya pili ya saizi ile ile, ya kona sita, mtumba wa bei ndogo, kwa sababu usisage ile uipendayo. Nikaifunga kwenye jiliwa, nikapitisha diski ya grainda kwa mguso mwepesi, nikihesabu mpaka tatu kila mara kisha naichovya majini. Ilipobaki kidogo niliacha grainda. Nikaweka karatasi ya msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, nikamwagia mafuta ya taa, na kuisugua soketi ikiwa imesimama wima, kwa kuchora namba nane. Dakika ishirini hivi. Ukisugua kwa kwenda na kurudi tu, utaisaga upande mmoja, nayo itakaa imeinama. Mwishoni pitisha tupa ndogo kuondoa vinyweleo vya kroma kwenye kingo, kwa sababu hukata kidole kama wembe na hutavihisi mpaka uone damu.

Soketi hiyo sasa inashika kichwa cha unene wa milimita nne bila wasiwasi. Inaingia kwenye nati kwa tabu kidogo, na hiyo ndiyo bei yake.

Spana uliyoisaga au kuipinda imekuwa laini, au imekatika

Karibu kila mpenda gereji hufika hapa. Unataka spana nyembamba ya kuingia nyuma ya kitu, au ringi iliyopinda kwa ajili ya bolti ya stata. Unaikata, unaipinda, inafanya kazi mara mbili, kisha mdomo unafunguka. Au inakatika tak, ukianguka nayo.

Jiulize ilipata moto kiasi gani. Rangi ndiyo kipimajoto chako. Feleji iliyosafishwa ikipashwa moto hugeuka rangi ya majani makavu kwenye nyuzi kama 230 za selsiasi, kisha hudhurungi, zambarau, na karibu 300 inakuwa bluu. Spana nyingi hupewa ugumu wa wastani kiwandani, kwa hiyo doa dogo la bluu halijaiua. Ni onyo kwamba usiendelee. Kwenye vyombo vigumu zaidi, kama biti za bisibisi na panchi ya kutobolea alama, bluu ni hasara tayari. Nyekundu ni habari nyingine. Ukifika nyekundu umefuta kazi yote ya kiwanda. Ikipoa polepole inabaki laini, ndiyo ile inayofungua mdomo. Ukiichovya majini ikiwa nyekundu inakuwa ngumu kama kioo, ndiyo ile inayokatika.

Kwa hiyo kwenye kusaga: usivae glavu ya mkono unaoshika spana kama kazi ni ndogo, bora uihisi ikianza kuunguza. Ikikuunguza vidole, majini. Mkono wa wazi ni kwa mashine ya jiwe iliyofungwa mezani kwa kazi nyepesi, au tupa. Ukiwa na grainda ya mkononi funga spana kwenye jiliwa na uvae miwani, sina mjadala juu ya hilo.

Kwenye kupinda, ujanja ni kupasha shina peke yake, katikati, na kuzilinda ncha mbili. Ami huzifunga vitambaa vilivyolowa maji chapa, anavimwagilia tena kila vinapotoa mvuke. Shina likiwa jekundu analipinda mara moja, bila kurudiarudia, kisha analiacha lipoe lenyewe hewani. Shina linakuwa laini kidogo, lakini ni nene na halishiki kona za nati. Midomo inabaki na ugumu wake. Nilipomuuliza kwa nini haichovyi majini kama wanavyofanya wengine pale gereji, alinijibu, "Hao wapika, mimi natengeza."

Jambo la kroma: kabla ya kupasha moto mkali au kuchomea welda, ondoa kroma yote mahali hapo kwa tupa au jiwe. Moshi wa kroma iliyochomwa ni sumu ya mapafu. Mabati nayo hutoa moshi wa zinki. Fanya kazi nje, upepo ukiwa mgongoni.

Na kama unakata shina ili liwe fupi, kumbuka unapunguza nguvu, na hilo ni zuri. Spana fupi ya 10 huwezi kuikaza mpaka ukate bolti ndogo. Yangu nimeikata ibaki sentimita nane na ndiyo ninayoitumia kuliko zote.

Kutu imeingia hata mwezi haujaisha

Tunaishi kisiwani na kandokando yake, hewa ina chumvi na unyevu mchana na usiku. Rafiki yangu wa Nairobi huacha spana sakafuni wiki nzima na kuzikuta vile vile. Mimi nikiacha kitu kilichosagwa wazi mchana, jioni kina unga wa machungwa. Lakini kutu si moja, na mahali ilipokaa hukuambia imetoka wapi.

Ikiwa na sura ya vidole na kiganja, ni jasho lako. Futa kila chombo kwa kitambaa chenye oili kabla ya kufunga sanduku. Ikiwa ni vitone vidogo vilivyotoboa kroma, mpako ni mwembamba na una matundu. Chumvi imeingia na kutu inakua chini kwa chini mpaka ivue ganda. Hiyo haina tiba, unaipunguza mwendo tu. Ikiwa upande wa chini pekee, angalia sponji au kitambaa kilicholala ndani ya sanduku, maana kinashika maji. Na ikiwa ni chini ya blada uliyofunga kwenye mpini, basi umejitakia: mpira ule hufungia jasho ndani. Mimi bado nafunga blada, ila kwanza napaka grisi na kila baada ya miezi michache naifungua.

Kutu ya juu juu, sugua kwa sufi ya chuma na oili. Kutu nene, loweka kwenye siki usiku mmoja. Si wiki. Asidi ikikaa sana hula feleji yenyewe, na springi na vyombo vigumu huweza kuwa vyepesi kukatika, kwa hiyo springi usiziloweke kabisa. Asubuhi sugua kwa brashi, suuza, kisha chovya kwenye maji yenye magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe. Magadi huua asidi iliyobaki. Ukiruka hatua hii kutu itarudi kabla ya adhuhuri. Kausha juani, paka oili ikiwa bado ina joto la jua.

Nimesikia ushauri wa kila aina kuhusu mafuta ya kupaka. Mzee mmoja fundi wa majahazi aliniambia nitumie sifa, mafuta ya samaki wanayopaka mbao za vyombo vya baharini. Nilijaribu. Spana hazikushika kutu, nakubali, lakini paka wa mtaa mzima walihamia kwenye sanduku langu, na mke wangu akatoa masharti. Oili safi ya injini inatosha.

Racheti inaruka au inashika pande zote mbili

Racheti, ule mkono wenye meno ndani unaozungusha soketi, ifungue kabla ya kuitupa. Nyingi zina skrubu mbili au ringi ya springi. Ifungulie ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, kwa sababu kuna kijispringi na kigololi ambavyo vikiruka uani kwenye mchanga hutaviona tena duniani.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni grisi. Si ukosefu wake, ni wingi wake. Mtu amejaza grisi nzito ya bearing, imeganda pamoja na mchanga, na kile kidole kinachoshika meno hakirudi haraka. Osha kwa petroli au mafuta ya taa, kausha, tia matone machache ya oili nyepesi. Ikiendelea kuruka, tazama meno kwa jua: kama yamekuwa mviringo, racheti imekwisha.

Ukinunua, usidanganyike na wingi wa meno pekee. Ya meno 72 inasogea kila nyuzi 5, tamu sana kwenye nafasi finyu. Ya meno 36 inataka nyuzi 10, lakini meno yake ni makubwa na kwa vyombo vya bei nafuu ndiyo hudumu. Na usivunjie nati za gurudumu kwa racheti. Tafuta mkono mrefu usio na meno ndani.

Toki renchi inakupa wasiwasi

Hii ni renchi inayolia tik ukifikia nguvu ya kukaza uliyoipanga. Dalili ni kwamba inalia tik mapema mno, au huisikii kabisa. Visababishi ni vichache: imewekwa sandukuni ikiwa imekazwa, springi imechoka, imetumika kufungulia, au imeanguka. Iteremshe kila mara mpaka namba ya chini kabisa kwenye kipimo chake, isipite hapo.

Kuipima nyumbani unahitaji jiliwa iliyofungwa imara, futi ya kupimia na mtungi wa lita 20 wa wauza maji wa mkokoteni. Mtungi ukijaa una kilo 20 za maji na kama kilo moja ya plastiki. Uweke kwenye mizani ukiweza. Funga kichwa cha mraba cha renchi kwenye jiliwa, mkono ulale sawa na ardhi, na umwambie mtu auning'inize mtungi taratibu kwa kamba katikati ya mahali pa kushikia. Pima kutoka katikati ya mraba mpaka kwenye kamba. Kilo mara 9.81 mara mita. Yangu ni sentimita 40, kwa hiyo 21 mara 9.81 mara 0.4 inatoa Nm (nyutoni mita) 82. Nikiiweka 75 inapaswa kulia, nikiiweka 90 inyamaze. Uzito wa renchi yenyewe huongeza kidogo, kwa hiyo usitafute usahihi wa duka la dhahabu. Unatafuta kujua kama imepotea njia.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha nati ya gurudumu inataka nini. Toyota ndogo nyingi ni Nm 103, yaani mtungi huo mmoja ukining'inia nusu mita. Sasa mfikirie kijana wa gereji anayerukia spana kwa miguu miwili.

Vidogo vidogo

Soketi ya kung'aa imepasuka: ilitiwa kwenye mashine ya hewa. Ya mashine ni nyeusi na nene. Koleo limekaza: chumvi kwenye ekseli yake, loweka kwa mafuta ya taa, lifungue na kulifunga mara mia ukizungumza na watu barazani. Mpini wa bisibisi unanata: mpira wake umeoza kwa joto na oili, ufute kwa spiriti, na ukirudia uvue ufunge kitu kingine. Kichwa cha nyundo kinalegea kila kaskazi ikivuma: mti umekauka. Usiitumbukize majini, itabana leo na kesho italegea zaidi kuliko jana. Gonga kabari mpya.

Spana inakwenda kwa jirani na hairudi

Haina alama. Paka mistari miwili ya rangi ya mafuta shingoni, baada ya kuondoa oili kwa spiriti, mahali ambapo mkono haushiki. Mimi nilichagua kijani. Ile 12 yangu ya KTC ina kijani chake kizuri kabisa, nakiona kila Jumamosi kwa ami, imening'inia kwenye msumari wa tatu. Nikimuuliza huigeuza juani, akaitazama ile mistari kama anaiona leo, na kuniambia, "Hini? Hini yafanya kazi hapa, si yakaa bure kama kwako."